Emmanueli na Kuku Aliyevuka Ruvuma

"Akikanyaga uwanja huu nammwagia," alisema Hamisa, na beseni alishalivuta karibu na mguu wake.

"Hummwagii mtu," nikamjibu. "Yule ni mtani. Ukimmwagia mtani maji ya muhogo anajipaka mwili mzima, kisha anakushukuru kwa manukato."

"Basi nitammwagia mara mbili. Ya kwanza ya utani, ya pili yangu mwenyewe."

"Beseni ni moja."

"Kisima kipo."

"Maji ya kisimani hayanuki."

"Mama, usinichekeshe. Leo sitaki kucheka."

Maji yenyewe yalikuwa ya muhogo mchungu uliolowekwa siku nne. Anayeijua harufu ile haulizi. Asiyeijua nimwambie tu kwamba mwaka juzi mamba alitoka mtoni kuja kuiba mbuzi wetu, akaivuta harufu ya beseni hilohilo, akarudi alikotoka akipiga chafya, na tangu siku hiyo mamba wa upande huu wa Mahurunga hawataki kusikia habari za kitu chenye kwato. Hiyo ndiyo silaha binti yangu aliyomwandalia Emmanueli, siku ya Jumapili, mchana kweupe, watu wa sala wakiwa wameanza kutawanyika.

Asubuhi yake Anna, mke wa Emmanueli, alipita akiwa na Kitabu chake kwapani. Akasimama pale kwenye ua wa makuti, hakuingia.

"Shikamoo, Bibi. Mwenzangu anasema baada ya sala atakuja hapa. Ana mzigo wa marehemu, na anataka kumwomba dada Hamisa radhi."

Nikaitika marahaba, nikamkaribisha uji, akasema amechelewa. Hamisa aliinuka akaenda kuopoa muhogo kuuweka kwenye ungo, na maji akayabakiza.

Mzigo wa marehemu ni baiskeli. Marehemu ni Thabiti, mume wa Hamisa, mkwe wangu, Mungu amrehemu. Na ugomvi wenyewe una miaka saba.

Ili mtu auelewe lazima kwanza aujue utani wetu. Sisi Wamakonde na Wayao ni watani toka zama za mababu. Walipigana wakachoka, wakaona afadhali watukanane, maana tusi halimwagi damu na halihitaji kunolewa. Penye msiba ndipo utani unapofanya kazi. Mtani ndiye anayepiga jembe la kwanza kaburini. Mtani ndiye anayevaa shati la marehemu na kuiga mwendo wake, mpaka wafiwa wacheke wakiwa na machozi shavuni, maana moyo unaolia tu bila kupumzika hupasuka. Na mtani ndiye anayenyakua kitu cha marehemu, akasema hakitoi, mazishi hayaendi, mpaka kikombolewe. Mfiwa analeta kuku. Mtani anachukua kuku wake, kitu kinarudi, maiti anazikwa, na hakuna kinyongo. Mtani haombi radhi wala haombwi. Radhi ni ya watu baki.

Emmanueli ni Myao. Baba yake alikuja kutoka upande wa Masasi kulima mpunga huku mtoni, akazeekea huku, akazikwa huku, na siku ya kumzika mimi ndiye niliyevaa koti lake nikakohoa kama yeye hadi mjane akaanguka kwa kicheko. Tangu Emmanueli hajaota ndevu ananiita mke wangu. Nami namwita mume wangu niliyepewa kimakosa.

Alizaliwa na kipaji cha kuiga. Angeweza kumwiga mwenyekiti wa kijiji anavyojikuna kabla ya kusema uongo, mwuza samaki anavyokataa kupunguza bei, na mimi ninavyotembea nikijua kuna mtu ananitazama. Aliwaiga hata viboko. Siku moja alikoroma kwa sauti ya kiboko dume vizuri hivi, hata kiboko jike akamfuata mpaka mlangoni kwake akitaka ndoa, ikambidi Anna atoke na mwiko. Anna anakataa kwamba hilo lilitokea. Lakini Anna ni mtu wa kanisa, ana aibu.

Kipaji ni kipaji, ila tabia ilikuwa mbovu. Msimu wa korosho ukifika, mabibo yakianza kukamuliwa, Emmanueli alihamia kwenye uraka. Alikunywa mpaka mbu waliomng'ata wakawa wanaruka upande upande. Nyumbani kwake Anna alibeba maji, akabeba kuni, akabeba mtoto, akabeba na mume. Na viboko wakiingia kwenye mpunga, Emmanueli aliwafukuza, ndiyo, ila aliwafukuza kuelekea majaruba ya Bakari, jirani yake. Bakari akilalamika aliambiwa, "Wewe Mmakonde mtani wangu, kiboko amekuja kukusalimu." Kila ovu alilofanya aliliita utani, na sisi tukacheka, maana nani atamshitaki mtani?

Sasa Thabiti. Thabiti alikuwa na mguu mmoja mfupi kwa ugonjwa wa utotoni. Akitembea alichechemea sana, bega likipanda na kushuka. Lakini alinunua baiskeli, Foniksi nyeusi, na juu ya baiskeli ile hakuwa na mguu mfupi. Alikuwa mtu kama watu. Nyuma kwenye keria alifunga kijimto alichokishona mwenyewe kwa kipande cha kanga, ili Hamisa asiumie njiani, na kengele alichagua ile yenye milio miwili, mmoja mzito mmoja mwembamba. Wakati Hamisa ana mimba ya mwanawe Warda, Thabiti alimpeleka kliniki kwa baiskeli ile, pandeni mtelemkoni, shukeni kwenye mchanga, mpaka wakafika. Mimi nilikaa hapa nikiwasikia wanavyocheka wakiondoka. Mume na mke wanaocheka barabarani asubuhi, hiyo sijaitia chumvi, ilikuwa hivyohivyo.

Siku ya kumzika Thabiti, Emmanueli alikuja akinuka uraka. Akavaa shati la marehemu. Akaichukua baiskeli, akaisukuma kulizunguka jeneza huku anachechemea, na alichechemea kuliko Thabiti alivyowahi kuchechemea siku yoyote ya uhai wake. Watu wakacheka. Na mimi nilicheka. Nilijiziba mdomo kwa kanga, lakini mabega hayana kanga ya kuyaziba, na Hamisa aliyaona. Mama mkwe kumcheka mkwewe mbele ya jeneza, hilo hata utani haulifuniki.

Kisha Emmanueli akashuka kaburini, baiskeli kaiweka kichwani kama mtungi. "Sitoki," akasema, "mpaka nipate kuku." Shehe akalitazama jua. Hamisa hakuwa na kuku. Kuku tisa aliokuwa nao walikwisha chinjwa kuwalisha waliokesha msibani. Akanigeukia mimi.

"Mama, yule mtetea wako mweusi yuko wapi?"

Nikamwambia kwamba mtetea wangu mweusi alikuwa ameondoka juzi yake. Alipanda mgongoni kwa kiboko, nikasema, akavuka naye Ruvuma, na sasa yuko Msumbiji anatetea kwa Kireno. Watu wakacheka zaidi, hata shehe akageuza uso. Basi wazee wakaamua mazishi yaendelee, kuku atafuata, baiskeli ibaki kwa Emmanueli kama amana.

Siku ya tatu Hamisa alipata kuku kwa shangazi yake aliyetoka Nanyamba. Akambeba mwenyewe, na eda yake, macho yamevimba, mpaka kwa Emmanueli. Baiskeli haikuwepo. Ilikwisha vushwa kwenye kivuko cha Kilambo, ikauzwa ng'ambo, na bei yake ilikwisha nywewa. Hamisa akasimama na kuku mkononi. Emmanueli akamwambia, "Ungewahi. Baiskeli ya kiwete nayo ina haraka."

Neno hilo ndilo lililokaa. Baiskeli ni chuma, lakini neno lile halikupata kutu. Hamisa alipeleka shauri kwa wazee, wazee wakasema huo ni utani, hauna kesi. Toka siku hiyo Emmanueli akija kwa njia hii, Hamisa alipita ile.

Ikaenda miaka mitatu, minne. Akaja hapa kufundisha shule Mwalimu Upendo, mwenyeji wa Iringa, mwembamba kama ufito, mwenye sauti nyembamba kuliko yeye mwenyewe. Wakristo wa huku ni wachache, na padri hufika kwa nadra, hivyo Jumapili walikusanyika darasani na Mwalimu Upendo akawaongoza sala. Anna alikuwa haachi hata Jumapili moja. Emmanueli alikuwa amebatizwa utotoni, lakini ubatizo wake alikuwa kauweka kama koti la Krismasi, linatolewa mara moja kwa mwaka, lina mikunjo.

Jumapili moja akaenda. Kijiji kikashangaa. Jumapili ya pili akaenda tena, na ya tatu. Nikamuuliza, "Mume wangu, umeona nini huko?"

"Namsoma yule mwalimu," akaniambia. "Anavyofumba macho. Anavyonyanyuka kwenye vidole akifika pa kuimba. Subiri, mke wangu, nikimwiga kilabuni utakufa mara mbili."

Ndiyo nia aliyokwenda nayo, msidanganywe na mtu. Alikwenda kuiba mwendo. Na ili aige vizuri ilimbidi aishike ile sala yao kubwa kwa moyo, neno kwa neno, maana mwigaji anayekosea maneno hachekwi, anaonewa huruma. Alitembea njiani akiikariri. Anna alimsikia akiisema akiwa anachonga mpini, akadhani mumewe kaugua.

Siku ya kuiga ikafika. Kilabuni kulijaa. Emmanueli akajifunga kanga kichwani, akasimama kwa vidole, akatoa sauti ya Mwalimu Upendo, na watu wakagaragara. Akaendelea na sala. Akafika pale mtu anapoomba asamehewe kwa kadiri anavyowasamehe waliomkosea. Akanyamaza. Watu wakadhani ni sehemu ya mchezo, wakacheka. Akalirudia neno, safari hii kwa sauti yake mwenyewe. Akanyamaza tena. Kisha akaifungua kanga kichwani, akaikunja vizuri, akamrudishia mwenyewe, akatoka nje. Uraka wake aliuacha kwenye kata umejaa, na waliokuwepo wanasema nzi waliokunywa uraka ule nao wakaokoka. Hilo la nzi naliongeza mimi.

Baadaye nilimuuliza ni nini kilimpata. Akasema, "Mke wangu, nimeiga watu wote wa kijiji hiki, nikawaweza. Siku ile niliona kuna Mmoja natakiwa nimwige, na Huyo simuwezi. Kila siku nakosea mwendo wake, kila siku naanza upya."

Sikumwamini. Nimeishi sana, nimeona walioacha pombe Jumatatu wakairudia Jumatano kwa kumwonea huruma mwuzaji. Nikamtazama, kama mtu anayetazama chungu kipya kama kitavuja.

Kwanza nikamwona na ndoo. Mwanamume mzima, asubuhi, ndoo begani, anatoka kisimani, na wanawake wenzangu wanamzomea. Akawajibu, "Nyinyi ni mabibi harusi wangu wote, lakini huyu wa nyumbani ana zamu yake." Akapita. Kesho yake tena. Wiki ya tatu wakachoka kumzomea, na waume wawili wengine wakaonekana na ndoo, wakijifanya wamepotea njia.

Kisha viboko. Msimu wa mpunga ulipokaribia kuiva, Bakari alikwenda shambani kwake alfajiri akitegemea kukuta nyayo kama kawaida. Akakuta mpunga wake umesimama wote, na Emmanueli amekaa kwenye tuta la mpaka, debe mapajani, macho mekundu, kaligonga debe lile toka jaruba lake mpaka mwisho wa jaruba la Bakari na kurudi. Bakari akamuuliza, "Wawafukuzia wapi siku hizi?" Emmanueli akasema, "Mtoni. Kwao." Bakari alikuja kunisimulia akitetemeka kama aliyeona jini.

Hofu yangu mimi ilikuwa nyingine. Nilihofu kwamba wokovu utamharibia utani. Nimewaona watu wa dini wanaogeuka uji usio na chumvi, ukimtania anakuombea. Na mimi ni mzee, nataka siku yangu ikifika anizikaye awe mtani wangu, si mtu wa kunisomea hotuba. Nikamwendea makusudi, nikamkuta anakwangua jembe.

"Mume wangu, nasikia umeoa kanisa, umeniacha."

"Sikukuacha, mke wangu. Nilikupeleka kwa baba yako nikadai mahari irudi, akasema bidhaa haipokewi, ulitoka kwake na meno yote."

Nikacheka mpaka nikashika ukuta. Na nikatambua kitu nikiwa narudi nyumbani: nilikuwa sijaumia. Zamani akinitania nilicheka, kisha usiku nikalikumbuka neno nikalia kidogo. Siku hizi anatania bila kung'ata.

Habari ya baiskeli aliianza bila kumwambia mtu. Ng'ambo kulipokuwa na misukosuko hakuvuka. Kulipotulia alivuka Kilambo mara ya kwanza, akauliza, akarudi mikono mitupu. Mara ya pili akaambiwa iko kwa mtu anaitwa Hashimu, mwuza samaki wakavu, ndani ndani huko. Mara ya tatu akaikuta. Ilikwisha pakwa rangi ya kijani, kiti si kile, kijimto hakuna. Lakini akaipiga kengele, ikatoa milio miwili, mzito na mwembamba, akaijua.

Hashimu akamwambia hauzi, ndiyo mguu wake wa biashara. Emmanueli akamweleza kila kitu, na la kiwete hakulificha. Hashimu akamsikiliza, akasema, "Hiyo dhambi ni yako, baiskeli ni yangu. Nilimie shamba langu msimu mzima, nitanunua nyingine, hii utachukua." Akamlimia. Toka kupanda mpaka kuvuna. Anna huku alihangaika na majaruba peke yake, isipokuwa hakuwa peke yake, maana Bakari alikuja na wanawe wakamsaidia kupalilia bila kuitwa. Huyo Bakari wa viboko.

Akarudi amekonda, baiskeli kaibeba kichwani ndani ya mtumbwi ili isishike maji. Mtumbwi ulipofika katikati, mamba watatu wakaja kumtazama, mmoja akaomba apakiwe kwenye keria hadi Mtwara mjini kutibiwa meno. Emmanueli akamwambia ana mtu wa kumpakia kwanza. Ya mamba mniachie mimi, lakini ya msimu mzima wa jembe muulizeni Anna.

Wiki mbili kabla ya Jumapili ile alikuja kunidokeza. Nikamwambia, "Lete baiskeli, iache hapo uani, kohoa, ondoka. Usiombe radhi. Ukimwomba radhi Hamisa umeuvunja utani, umejifanya mtu baki, na mimi utanizika kwa ushahidi gani?"

Akakaa chini. Akasema, "Mke wangu, utani ni shuka. Watu wanajifunika pamoja wapate joto. Mimi nilijifunika, nikaiba humo ndani. Lazima kwanza nitoke nje ya shuka, nionekane. Wakitaka kunifunika tena, hiyo ni hiari yao."

Nikamwacha ashinde. Ni mara chache sana.

Alipoinuka kuondoka, akaniuliza taratibu, kama mtu anayeuliza hali ya mvua, "Siku ile ya msiba, kweli hapakuwa na kuku hata mmoja?"

Nikampa habari ya kiboko. Nikaongeza na mawimbi. Hakucheka. Wala hakukunja uso. Alisema tu, "Shati la marehemu nilipewa chumbani kwako, nikalivaa nimekaa kitandani. Nilimsikia kuku akitetea chini yake." Kisha akasema, "Usihangaike. Nitaomba radhi kwa yote, ya kwangu na hiyo. Hamisa hana haja ya kujua." Akaniaga kwa heshima, akaenda.

Wiki mbili sikulala vizuri. Mimi, mtu ninayelala hata kuezuliwe paa. Mtu aliyemlimia mwenzake msimu mzima kwa kosa lake, sasa anataka abebe na kuku wangu. Na anajua kwamba angesema tu, "Mama yako alikuwa na kuku, akamficha," hasira ya Hamisa ingegawanyika nusu kwa nusu, na nusu ya baiskeli ile ingenilalia mimi. Miaka saba anajua. Alipokuwa mlevi nadhani alisahau. Alipoacha pombe akakumbuka, na hakunitaja.

Sasa mnaelewa kwa nini Jumapili ile nilikuwa nagombana na binti yangu juu ya beseni.

"Atakuja na maneno matamu," Hamisa alikuwa anasema, "na wewe utacheka. Utacheka kama ulivyocheka siku ile."

"Sitacheka."

"Mabega yako nayajua."

"Hamisa, mtu amelima ng'ambo msimu mzima."

"Mimi nimelala peke yangu miaka saba. Baiskeli ile ndiyo ilikuwa ya mwisho yenye jasho lake mshikioni. Angengoja siku tatu. Siku tatu, Mama. Na kama siku ile ningekuwa na kuku, kuku mmoja tu, hata wa kuazima, nisingemfuata mlevi yule nyumbani kwake nikaambiwa nililoambiwa."

Hapo ndipo kidonda kilipo. Hakujua, lakini alikuwa ameweka kidole palepale. Nikasikia sauti za watu wa sala barabarani, wanaagana. Nikajua zimebaki hatua chache.

"Kuku alikuwepo," nikasema.

"Kuku gani?"

"Mtetea mweusi. Alikuwa chini ya kitanda changu, nimemfunika na tenga, na juu ya tenga nimeweka jamvi."

Hamisa akanitazama. "Yule aliyepanda kiboko?"

"Hakupanda kiboko."

"Aliyevuka Ruvuma?"

"Hakuvuka hata kizingiti."

Nimesimulia uongo mwingi maishani, na watu wamenisikiliza midomo wazi. Sijawahi kusikilizwa kama nilivyosikilizwa wakati nasema kweli.

"Alikuwa anataga," nikasema. "Kila siku. Nilimwonea uchungu. Nikasema mtani atatoka tu kaburini, jua kali, na baiskeli itarudi. Kisha watu wakacheka habari ya kiboko, na mimi nikichekwa nasahau mengine. Kesho yake nikaona aibu kumtoa. Kesho kutwa ukaenda kwa shangazi yako. Emmanueli anajua. Alimsikia. Alisema ataomba radhi kwa yote mawili, nisikuambie."

"Alisema usiniambie?"

"Alisema huna haja ya kujua."

Hamisa akainama akalichukua beseni. Likajaa mikono yake, maji yakatikisika mpaka ukingoni. Nikajua ni yangu. Nikavuta kanga kichwani, nikafumba macho, nikaziba na pua, nikasema moyoni, haya, mzee mzima, umeyalima mwenyewe.

Nikasikia maji yakimwagika. Hayakunigusa. Nikafumbua jicho moja. Hamisa alikuwa amesimama kwenye mpapai, beseni limeinama, na mpapai ule, naapa, ulikunja majani. Akalipiga beseni kitako mara mbili litoke matone. Akarudi, akakaa kwenye mkeka mkabala nami, mabega yake yanatikisika, na sikujua kama ni kilio au ni nini, maana alikuwa amejiziba na kanga kama mimi siku ile.

"Uliniangalia kaburini pale," akasema ndani ya kanga, "ukanipa kiboko."

"Nilikupa."

"Na kuku anayetetea Kireno."

"Nisamehe, mwanangu."

Neno hilo lilinitoka bila utani wowote ndani yake. Miaka yangu yote sikumbuki kulisema. Nikaelewa kidogo kwa nini kijana yule alinyamaza kilabuni.

Hamisa akashusha kanga. Macho yalikuwa yamelowa, lakini mdomo ulikuwa unahangaika pembeni kama wa Thabiti alipokuwa anazuia kicheko.

"Na mwishowe kuku alikwenda wapi?"

"Nilimla."

"Peke yako?"

"Alikuwa mgumu. Nilimchemsha kutwa nzima, na bado—"

"Mama. Ulimla na nan—"

Kengele ikalia nje ya ua, mlio mzito, kisha mwembamba.

Hamisa hakulimaliza swali. Penye uwazi wa makuti alisimama Emmanueli, kofia mkononi, shati la sala limelowa jasho mgongoni. Baiskeli alikuwa ameipaka rangi upya, nyeusi. Kwenye keria palifungwa kijimto cha kanga, si kile cha zamani, na mishono yake ilipinda, imeshonwa na mtu asiyejua sindano. Chini ya kwapa lake la kushoto alikuwa amembana kuku hai, mwenye madoadoa, aliyefungwa miguu kwa kamba ya mkonge, kuku wa kukomboa, kamleta mwenyewe ili pasiulizwe tena nani hakuwa naye.

Hakuingia. Hakutania. Alitazama beseni tupu, akatazama mpapai, akafungua kinywa.

Nikaona mguu wa Hamisa ukinyooka kwenye mkeka, ukakigusa kigoda kilichokuwa karibu nami, ukakisukuma taratibu mpaka kivulini, mahali pa mgeni.